Muscat na Watoto Wadogo: Anza na Usingizi wa Mchana

Familia ikigombana ugenini, mara nyingi ni saa nane mchana na mtoto hajalala. Baba anataka wawahi ngome kabla haijafungwa. Mama anatafuta kivuli. Mkubwa, wa miaka mitano, kaketi katikati ya njia na anasema miguu imekwisha, na mdogo analia kilio ambacho si cha njaa wala cha maumivu. Picha za siku hiyo zitatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na zitasifiwa sana. Waliopigwa ndio wanaojua.

Wengi wakitaka kujikinga na hali hiyo hununua vitu: kigari cha mtoto cha bei kubwa, begi lenye mifuko isiyohesabika, tableti iliyojaa katuni. Vitu husaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kuchagua mji ambao saa zake zinakwenda sawa na saa za mtoto, kisha kuipanga kila siku kwa kuanzia na usingizi wa mchana na kuyaacha mengine yaufuate. Ndiyo maana kwa familia ya Dar, Unguja au Mombasa inayovuka bahari na watoto wadogo kwa mara ya kwanza, mimi huitaja Muscat kabla ya Dubai, na London siitaji kabisa mpaka wadogo waanze shule.

Muscat hupumzika mchana. Maduka mengi ya soko la Mutrah hufunguliwa asubuhi, hufungwa kama saa saba, na hufunguliwa tena saa kumi alasiri hadi usiku. Ijumaa asubuhi karibu kila kitu kimefungwa. Mtalii asiye na mtoto hulalamika kwamba mji umekufa. Mwenye mtoto wa miaka miwili anapaswa kushukuru, maana hakuna anachokikosa akiwa chumbani kati ya saa saba na saa kumi. Tena saa za huko ziko mbele ya zetu kwa saa moja tu, kwa hiyo mtoto hageuzi usiku kuwa mchana. Ukipata ndege ya moja kwa moja kutoka Dar au Zanzibar, uko angani kwa saa tano hadi sita tu. Chakula ni wali na nyama, mikate ya kila aina, na mishkaki ambayo wao huiita mishkak, kwa hiyo hata mtoto anayechagua chakula hatalala na njaa. Na Kiswahili utakisikia. Waomani wengi waliozaliwa au kulelewa Zanzibar na bara walihamia huko baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine waliitika wito wa kurudi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Usishangae mzee wa kanzu na kofia akiinama kwenye kigari cha mwanao kumwuliza jina lake kwa lafudhi ya Unguja.

Msimu

Kuanzia Mei hadi Septemba usiende Muscat na mtoto wa kigari. Joto hupita nyuzi 40, marumaru huunguza nyayo, na vifungo vya chuma vya kigari kilichoachwa juani dakika chache humchoma mtoto mapajani. Miezi mizuri ni Novemba hadi Machi. Desemba na Januari mchana huwa nyuzi 25 hivi na usiku hushuka hadi karibu 18. Mtoto wa Dar ataona hiyo ni baridi, basi mbebee sweta. Bahati nzuri, likizo ndefu ya shule ya mwisho wa mwaka, Tanzania na Kenya, inaangukia humo humo.

Kama likizo mliyo nayo ni ya Juni au Julai peke yake, msilazimishe Muscat. Upo mji wa Salalah, kusini kabisa mwa Oman, kama kilometa 1,000 kutoka Muscat, ambako kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba upepo wa kusi huleta manyunyu na ukungu, milima ikawa ya kijani. Waomani wenyewe hukimbilia huko, kwa hiyo vyumba huadimika na barabara hujaa. Hiyo ni safari nyingine, na makala yake nyingine.

Angalia na kalenda ya Hijria. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia kati ya Februari na Machi, ndani ya msimu mzuri. Mchana mikahawa hufungwa na kula hadharani hakuruhusiwi. Mtoto mdogo hakatazwi kula, lakini utamlisha wapi? Kisha mji huamka usiku, wakati ambao wako anataka kulala. Ramadhani ya Muscat ni tamu kwa watu wazima.

Makaratasi, kwa ufupi

Kila mtoto awe na pasipoti yake, yenye angalau miezi sita mbele. Viza za Oman huombwa mtandaoni kupitia Polisi ya Kifalme ya Oman, na mtoto mchanga naye huombewa kivyake. Kadi ya njano msiiache: chanjo ya homa ya manjano hutolewa kwa aliyetimiza miezi 9, huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 hudumu maisha. Nazitaja siku 10 kwa sababu watu huzikumbuka wiki ya safari. Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake, abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili iliyothibitishwa na wakili. Huenda asiulizwe. Akiulizwa bila kuwa nayo, safari inaweza kuishia kaunta.

Kigari au mbeleko?

Vyote viwili. Lakini kwanza uelewe mji wenyewe. Muscat umebanwa kati ya milima na bahari, umerefuka kwa makumi ya kilometa, na katikati yake inapita barabara kuu ya magari ya mwendo kasi. Si mji wa kutoka hotelini na kusukuma kigari hadi sokoni. Njia ya waenda kwa miguu inaweza kwenda vizuri mita 200 kisha ikakatika mbele ya ukingo mrefu au kiwanja cha mchanga. Kigari cha Muscat ni cha kutoka ndani ya buti la gari, kufunguliwa mahali palipo tambarare, kutumika saa moja na nusu, na kurudi butini.

Kwa hiyo usibebe lile dude la magurudumu makubwa linalotangazwa kwa wakimbiaji. Chukua chepesi, cha kilo sita au saba, na kabla ya kukilipia kipe mitihani mitatu: kikunjike kwa mkono mmoja huku mwingine umembeba mtoto; kiti kilale nyuma kiasi cha mtoto kusinzia bila shingo kuanguka; na paa lake lifunike uso wote, si paji tu. Mtoto ambaye hajafika miezi sita anahitaji kiti kinacholala karibu sawasawa, na vigari vingi vyepesi havifanyi hivyo, kwa hiyo uliza. Wenye wawili wanaofuatana, kile cha viti viwili sambamba kitawasumbua kwenye lifti na sokoni. Bora kigari kimoja kwa mkubwa, mdogo mgongoni. Wengi huanza kwa kumweka mdogo kwenye kigari na kumwamini mkubwa kwamba atatembea. Atatembea siku ya kwanza.

Kifanyie majaribio nyumbani. Kama umekipitisha Darajani, Unguja, siku ya Jumamosi hadi Forodhani na hukutukana mtu, Mutrah hakitakushinda.

Mbeleko usiidharau kwa sababu unakwenda Uarabuni. Pale ndege inapotua na kigari hakijashushwa, pale kwenye vichochoro vya soko vyenye vidaraja, pale kwenye ngazi za ngome, khanga moja na mgongo wa mzazi hufanya kazi ambayo hakuna gurudumu litakaloifanya. Beba mbili. Moja ni mbeleko, ya pili itakuwa shuka, pazia la dirisha la gari, kitambaa cha kujisitiri wakati wa kunyonyesha, na mkeka wa kubadilishia pampasi. Kitu kimoja tu usiifanyie: usifunike kigari gubigubi kumkinga mtoto na jua. Hata kitambaa chepesi huzuia hewa, na joto ndani hupanda haraka kuliko unavyodhani, mtoto akiwa kimya ukamdhani amelala. Tumia paa la kigari, sogea kivulini, na kama hakuna kivuli, saa hiyo si ya kuwa nje.

Uwanjani na angani

Aliye chini ya miaka miwili husafiri mapajani kwa nauli ndogo, kwa kawaida kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka miwili mkiwa safarini, kurudi atalipiwa kiti. Hesabu tarehe kabla ya kukata tiketi. Ndege nyingi kubwa zina kitanda kidogo kinachopachikwa ukutani mbele ya siti za mwanzo. Ni vichache, vina kikomo cha uzito, na huombwa mapema, si siku ya kuondoka. Siti hizo zina kero zake: mikono ya kiti hainyanyuki, na mabegi yote lazima yawe juu ndege inaporuka na inapotua, pampasi zikiwemo. Kwa mtoto aliyekwishaanza kutambaa, mimi ningeiachia familia nyingine.

Mashirika mengi hupakia kigari na kiti cha gari cha mtoto bila malipo, na hukuruhusu kwenda na kigari hadi langoni. Thibitisha kwenye masharti ya tiketi yako. Kwenye ukaguzi kigari hukunjwa na kupita kwenye mashine, kwa hiyo kikapu cha chini kiwe tupu. Foleni nzima itakusubiri ukitoa ndala moja moja. Ukikabidhi langoni, bandua vinavyobanduka, piga picha ya haraka, na uulize swali moja muhimu: nitakipokea wapi, mlangoni mwa ndege au kwenye mkanda wa mizigo? Jibu likiwa ni mkanda, mbeleko isiwe ndani ya begi lililopakiwa. Jengo la abiria la Muscat, lililofunguliwa mwaka 2018, ni zuri na ni refu.

Kikomo cha mililita 100 cha vimiminika kwa kawaida hakigusi maziwa na chakula cha mtoto kwa kiasi cha safari, ila vitoe mwenyewe uwaonyeshe. Ndege ikianza kushuka, mpe titi, chupa au maji ili ameze, masikio yasimuume. Usingoje magurudumu yaguse chini. Kushuka huanza kama nusu saa kabla.

Kuhusu saa ya kuondoka, wapo wanaosifu ndege ya usiku wa manane eti mtoto atalala. Atalala, kisha ataamshwa uhamiaji, ataamshwa kwenye teksi, na ataamka kabisa mnapofika chumbani. Ningelipa zaidi ili nitue kabla ya Magharibi.

Mlale wapi, na shangazi je?

Chukueni fleti ya kupanga yenye jiko, mashine ya kufulia na vyumba viwili. Vyumba viwili si anasa. Familia ikiwa na chumba kimoja, mtoto akilala mchana wazazi hubaki kwenye giza wakinong'onezana na kula biskuti. Mitaa ya Qurum, Al Khuwair na Ghubra iko katikati ya huku na kule. Uliza kama kuna lifti na kama kigari kinaingia ndani yake, na tazama nondo za roshani kabla ya kufungua mabegi. Siku ya kwanza nendeni duka kubwa kama Lulu mkanunue maji, maziwa, matunda na pampasi. Maziwa ya kopo ya mchanga bebeni yale aliyoyazoea, ya siku zote, na unga wa uji wa lishe kilo moja. Bei zisikudanganye: rial moja ni kama dola 2.60, na hugawanywa baisa 1,000, kwa hiyo kilichoandikwa 0.900 kinakaribia rial nzima.

Sasa shangazi. Ukiwa wa pwani, uwezekano ni mkubwa kwamba kuna mtu wenu Seeb au Al Khoud, na habari ya safari yenu imeshamfikia. Atapiga simu.

"Mwanangu, hoteli ya nini na nyumba yote hii?"

Swali hilo ni la mapenzi, na jibu lake lisiwe la pesa wala la "hatutaki kuwasumbua", maana atasema hamsumbui na mazungumzo yamekwisha. Mweleze mtoto. "Shikamoo shangazi. Huyu mdogo akilala mchana hataki hata mlango ulie, na usiku huamka mara tatu, atawakosesha usingizi na ami. Tutalala karibu, ila Ijumaa ni yako kutwa." Hapo umempa kitu cha maana. Ijumaa asubuhi mji umefungwa, baada ya sala ya Ijumaa ndipo ukoo hukusanyika kula mchana, na baada ya chakula nyumba nzima hulala. Wako watalala pamoja na watoto wa binamu zako kwenye zulia bila kubembelezwa. Siku ambayo mtalii huiona imepotea, kwenu itakuwa ndiyo siku iliyojaa kuliko zote.

Ziara za jioni kwa jamaa wengine zipangwe baada ya Alasiri na ziishe Isha inapoadhiniwa. Tamka saa ya kuondoka ukiwa bado mlangoni, maana kahawa na tende huja kwanza, matunda yakafuata, na chakula chenyewe huenda kikaja saa tatu usiku. Ubani na udi hufukizwa majumbani na sokoni; mtoto mwenye pumu dawa yake ya kuvuta isikae hotelini. Na nyumba si zaidi ya moja kwa jioni, hata kama wanaishi mtaa mmoja. Jamaa wa nyumba ya pili hawataelewa leo. Wataelewa kesho mkifika na watoto wanaocheka.

Jambo moja kabla hamjaondoka nyumbani: mtaletewa vifurushi. Dagaa, mkate wa kumimina, viatu vya harusi ya mtu. Kifurushi usichokifungua kwa mikono yako usikibebe, awe ni nani aliyekileta. Mirungi ni dawa za kulevya kwa sheria ya Oman, na dawa za maumivu na za kikohozi zenye kodeini huleta matatizo zikikosa cheti cha daktari. Na halua, kama kuna atakayekupa ya kuipeleka, mwambie huko ndiko ilikotoka.

Kutwa moja, jambo moja

Kanuni ni hii: asubuhi jambo moja, jioni jambo moja jepesi, katikati chumbani. Asubuhi huanza mapema kwa sababu watoto huamka mapema wapende wasipende.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ni wa asubuhi. Wasio Waislamu huruhusiwa kuzuru saa mbili hadi saa tano, Jumamosi hadi Alhamisi. Waislamu huingia kusali wakati wote wa sala. Nyua zake za marumaru ni pana na tambarare, kigari hukimbia chenyewe. Kwenye ukumbi wa sala kigari hubaki nje pamoja na viatu, na humo ndimo lilimo zulia moja la zaidi ya mita za mraba 4,000, ambalo mtoto wa miaka mitatu huliona ni uwanja wa mbio. Mmoja aingie, mwingine abaki uani na mdogo, kisha mbadilishane. Kina mama wajifunike nywele, mikono na miguu.

Corniche ya Mutrah ni ya jioni. Ni njia ya kando ya bahari, tambarare, ya kilometa kadhaa, mashua upande mmoja na nyumba nyeupe na milima upande wa pili. Anzeni saa kumi na nusu, jua likielekea nyuma ya milima. Soko liko hapo hapo, na ujanja wake ni kuingia mara tu linapofunguliwa, kabla ya umati wa usiku: njia kuu ya kati hupitika kwa kigari, vichochoro vya pembeni vina vidaraja na miteremko. Mkitaka vichochoro, kunja kigari, funga mbeleko. Mkimaliza, tafuteni mgahawa wenye vyumba vya familia, vile vya pazia na zulia, mnakaa chini kuzunguka sinia. Sijaona mahali pazuri zaidi pa kula na mtoto anayetambaa, na mama ananyonyesha kwa raha zake.

Bustani ya Qurum, yenye nyasi na ziwa, ni ya siku ambayo kila mtu amechoka. Ufuo wa Qurum uko karibu nayo. Kwenye mchanga usisukume kigari, kigeuze ukivute kinyumenyume, magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 mbele ya Kasri la Al Alam, yana kiyoyozi na nafasi, na kutoka hapo mnaziona ngome za Al Jalali na Al Mirani zilizojengwa na Wareno. Mtoto mkubwa wa Mombasa mwambie: waliojenga Fort Jesus ndio hawa hawa, na Waomani ndio waliowang'oa kule mwaka 1698. Hiyo ni historia ya kutosha kwa miaka saba.

Safari ya mbali iwe moja tu: Nizwa, kama kilometa 160, barabara nzuri, chini ya saa mbili. Ondokeni saa moja asubuhi, mtembee sokoni na ngomeni, mle, muondoke saa saba kamili ili usingizi wa mchana ulalwe garini wakati wa kurudi. Mnara wa ngome ni mkubwa wa duara na ngazi zake ni nyembamba. Kigari kibaki chini na mtu mmoja. Wadi Shab, pamoja na uzuri wake, iacheni: ni kuvuka kwa mashua, kupanda mawe kwa muda mrefu, kisha kuogelea. Jebel Akhdar inataka gari la kuvuta magurudumu manne, na kona zake hutapisha watoto. Kasa wa Ras al Jinz hutazamwa usiku sana au alfajiri. Vyote vitakuwepo watoto wakifika miaka kumi.

Barabarani

Kodini gari, na viti vya watoto viwe vimeagizwa kabla au vimetoka nyumbani, kwa sababu teksi kwa kawaida hazina na sheria ya Oman inavidai kwa watoto wadogo. Kukaa mapajani kwa mama, kama tulivyozoea, kwenye barabara ya kilometa 120 kwa saa si kukaa. Kumbuka pia huko huendeshwa upande wa kulia. Dereva atazoea ndani ya siku moja. Anayesukuma kigari ndiye hujisahau. Ukivuka, gari la kwanza linatoka kushoto kwako, na kigari hutangulia barabarani kabla yako. Simama nyuma zaidi ya unavyosimama kwenu, tazama kushoto, na mkubwa ashike mpini wa kigari, si mkono wako. Watoto washuke upande wa ukingo daima.

Homa

Bima ya safari iwepo, na namba ya dharura ya Oman ni 9999. Bebeni kipimajoto, parasetamoli ya maji na pakiti za ORS. La muhimu kuliko yote: mtoto akipata homa mkiwa Muscat, mwambie daktari neno la kwanza kabisa kwamba mmetoka nchi yenye malaria. Huko malaria si ugonjwa wa kila siku, daktari anaweza kuhangaika na mafua huku vimelea vilivyotoka nyumbani vikiendelea na kazi. Aombwe apime damu, hata kama mtoto anaonekana anacheza.

Siku ya kurudi

Mpango mzima huvunjika siku ya mwisho: fleti inadaiwa saa sita mchana, ndege ni usiku, na familia inazunguka kwenye jumba la maduka na mabegi manne. Lipia fleti usiku mmoja wa ziada hata kama hamtalala. Watoto walale mchana kama kawaida, waoge, wavae nguo za ndegeni, ndipo mtoke. Mizigo ipimwe kabla ya usingizi huo, si baada.

Halua ya kuwapelekea wa nyumbani iingie kwenye begi la kupakiwa, kwani mkononi yaweza kuhesabiwa na vimiminika ikachukuliwa. Ubani hauna shida. Tende unaweza kukaa nazo mkononi, ila zitoe kokwa kabla hujampa mdogo.